Meno ya Bibi Yako wa Kamachumu

Bakoba, Bukoba
Jumamosi, saa kumi jioni

Mwanangu Adventina,

Mama yako yuko huko ndani anafunga sanduku lako kwa mara ya tatu. Kila akilifunga anakumbuka kitu, analifungua tena. Habari za sabuni, shuka, vidonge vya malaria na nani wa kumsalimia kwanza ukifika Nshamba nimemwachia yeye, maana anazijua kuliko mimi, na nikiingilia tutagombana. Mimi nimekuja kukaa huku karakana, nikafunga mlango, nikasingizia kwamba namalizia kazi ya mtu. Hakuna kazi ya mtu. Nina karatasi hizi tu.

Juma lililopita uliniuliza swali nikakujibu vibaya. Ulisema, "Baba, kituo cha afya cha Nshamba wameniagiza kila mzee nimmalizie meno yake kwa safari mbili, kwa sababu vijiji ni vingi na mimi niko peke yangu. Chuoni tulifundishwa safari tano. Wewe umefanya njia zote mbili. Ipi bora?" Nikakuambia kwa ukali, "Fanya ulivyofundishwa," nikatoka nje kama mtu aliyeitwa. Hakuna aliyeniita. Najua ulifikiri nimekasirika, maana jioni ile uliniwekea chakula bila kunitazama. Sikukasirika, mwanangu. Niliogopa. Jibu la swali lako liko Kamachumu, kwa mama yangu mzazi, na sijapata kulisema mbele ya mtu.

Nianze na unayoyajua. Univumilie, fundi wa meno hawezi kusimulia jambo lolote bila kuanza na plasta.

Njia ndefu nilifundishwa na Sista mmoja Mjerumani, mwanamke mrefu, mkali, aliyenusa kazi yangu kabla hajaitazama. Mtu asiye na jino hata moja anakuja mara ya kwanza, unamchukua chapa ya fizi. Kwa chapa hiyo unamtengenezea kisahani chake mwenyewe cha kushikia plasta, kisichomfaa mtu mwingine yeyote, na mara ya pili unachukua nacho chapa nyingine iliyo safi zaidi. Mara ya tatu unampa nta ang'ate, upime taya la juu na la chini yanakutana wapi na kwa kimo gani. Mara ya nne anajaribu meno yakiwa bado yamepandwa kwenye nta, ajitazame kwenye kioo, aongee, acheke. Mara ya tano anaondoka nayo. Njia fupi inaruka. Unachukua chapa moja, siku hiyo hiyo unapima taya, mtu anakwenda nyumbani, akirudi anavishwa meno yake na mmeagana.

Uhuru ulipokuja Sista alikuwa amekwisha kuondoka, nami nikabaki peke yangu na makopo yake na foleni ya wazee. Wote walitaka meno, na wote waliyataka upesi. Mmoja aliniambia, "Kama tumeweza kujitawala, hatuwezi kutafuna?" Nikaanza kurukaruka. Nilijiambia nawahurumia kwa sababu wanatoka mbali. Kweli niliwahurumia, lakini pia nilipenda kuitwa fundi anayemaliza kazi. Hilo la pili ndilo lililokuwa linanisukuma zaidi.

Hapo ndipo alipokuja Mzee Kagaruki wa Nshamba. Watoto wake huenda utawakuta huko, ndiyo maana nakutajia. Alikuwa msemaji wa ukoo wao, mtu ambaye hakuna posa iliyokwenda bila yeye kutangulia, na baada ya siku nane alikuwa anakwenda kumposea mtoto wa ndugu yake. Alikuja hana jino. Nikachukua chapa, nikampa nta, nikamwambia, "Ng'ata, Mzee." Aking'ata, taya lake la chini likaja mbele. Unajua kwa nini. Mtu aliyekaa miaka bila meno taya lake limezoea kujitokeza kulitafuta la juu. Inabidi umtulize, ameze mate, apumue, umpime tena, na tena. Sista alikuwa anapima mara tatu, nne. Mimi nilipima mara moja, nikaona nta imekaa vizuri, nikamwambia arudi Alhamisi.

Alhamisi alikuja na bwana harusi mtarajiwa na wapwa wawili. Nikamvisha. Nikamuuliza mbele ya hao vijana, "Mzee, panauma?" Akanyoosha mgongo, akasema kwa heshima, "Ni mazuri, waitu." Nikafurahi. Nikampa mkono.

Sasa nikuulize wewe uliyezaliwa kwetu: umewahi kumsikia mzee wa Kihaya akisema mbele ya watoto wake kwamba anaumia? Na umewahi kumsikia akimwambia fundi aliyemhangaikia kwamba kazi yake ni mbovu? Mgeni akiletewa ndizi mbichi anasema zimeiva. Mimi nililijua hilo tangu niko mgongoni kwa mama, na bado nikakubali neno lake kwa sababu lilinifaa.

Kilichotokea ukweni nilisimuliwa na bwana harusi mwenyewe. Walipokelewa vizuri, wakaketishwa, kikaja kikapu cha kahawa ya kutafuna. Hilo sihitaji kukueleza. Mgeni akipokea akamwani, hiyo kahawa, akaitafuna, amesema nimekuja kwa heri. Isipotafunwa, hata posa haizungumzwi. Mzee Kagaruki akachukua punje mbili, akatia kinywani, akauma. Meno yakakutana kwa mbele tu, ya nyuma yakabaki yanatazamana. Seti ya chini ikainuka nyuma, ikateleza, ikatoka pamoja na kahawa, ikaanguka mapajani mwake juu ya kanzu. Msichana mmoja akacheka. Hakuwa na ubaya, alikuwa msichana tu. Mzee akayafunika kwa kiganja, akainuka, na siku hiyo hakusema neno. Msemaji wa ukoo hakusema neno. Posa ikaahirishwa, na ilipokwenda tena ilikwenda na mtu mwingine.

Aliniletea yale meno yamefungwa kwenye leso. Aliyaweka kwenye meza hii ninayoandikia. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, meno yako yana haraka. Yametoka kabla sijayaruhusu." Halafu akaniuliza habari za mama yangu, akaaga, akaenda zake. Nikamtengenezea mengine kwa safari sita. Aliyavaa mpaka kufa kwake, lakini kazi ya usemaji hakuirudia.

Tangu hapo nikaapa. Njia fupi sitaigusa tena, hata aje nani. Kila mtu safari tano, na nikiona shaka, sita au saba. Watu wakanisifu kwa uangalifu, nami nikaamini kwamba nimetubu. Sasa naona kwamba nilikuwa nalinda jina langu tu, ile siku ya leso isinirudie. Usiniletee ile methali ya haraka haraka haina baraka. Mimi polepole yangu ndiyo iliyoninyima.

Wewe ulikuwa darasa la kwanza, miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa. Bibi yako wakati huo ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo kanisani kwao. Hukumsikia, na ndilo jambo linaloniuma kuliko yote ninayoyaandika humu. Sauti yake ilikuwa inafika nje kwenye migomba. Meno yalipomwisha maneno yakaanza kumtoka na upepo, watoto wakawa wanamwigiza, akajiuzulu bila kumwambia mtu, akahamia benchi la nyuma. Halafu akaja kwangu. Hakuniomba kama mama. Alikaa kwenye foleni na wengine mpaka zamu yake ikafika, akasema, "Novati, nataka kuimba Pasaka."

Ilikuwa mwanzo wa Kwaresima. Muda ulitosha, hata kwa safari tano. Lakini kwa mama yangu nilitaka kazi ya kuonyesha watu. Chapa ya pili niliirudia mara mbili. Kupima taya, mara mbili. Kila safari alishuka kutoka Kamachumu kwa lori la kahawa au basi likipatikana, akiwa na kikapu cha ndizi kwa ajili yako, na kila safari nilimwambia, "Mama, bado kidogo."

Siku ya kujaribu meno kwenye nta nilimpa kioo. Alijitazama muda mrefu. Kisha akaimba. Mstari mmoja tu, polepole, akiogopa nta isivunjike, na kila neno lilitoka zima. Muuguzi wa nyumba ya pili alikuja kuchungulia. Mama akanishika mkono akasema, "Yatie plastiki hivi hivi, mwanangu. Jumapili ya Matawi ni keshokutwa. Nitalala hapa kwenu, kesho nipande nayo."

Ingewezekana. Usiku mmoja wa kazi ungetosha. Lakini mimi nilikuwa nimeona jino moja la mbele limepinda. Limepinda unene wa uzi, Adventina. Nikamwambia, "Hapana, Mama. Kazi ni kazi. Rudi Jumatano." Akasema, "Mimi sioni palipopinda." Nikamjibu, na neno hili nimeliungama kwa padri lakini halijanitoka, nikamjibu, "Huwezi kuona, wewe si fundi." Akarudisha kioo.

Jumatano akaja, maana nilimwambia aje. Mvua za masika unazijua. Lori lilikwama kwenye mteremko wa kushuka kutoka Kamachumu, wakalala kwenye matope, na asubuhi lori lilipotoka akapandishwa jingine lililokuwa linarudi juu, kwa sababu alikuwa anatetemeka. Homa ya mapafu. Pasaka ilimkuta kitandani. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni.

Alipopata nafuu nilimpelekea meno mwenyewe. Jino la mbele nilikuwa nimelinyoosha. Yalikuwa meno mazuri kuliko yote niliyowahi kufanya, mpaka leo sijafanya kama yale. Akayavaa mbele yangu. Nikamuuliza, mbele ya baba yako mkubwa na majirani waliokuja kuona kazi ya mtoto wa nyumba, "Mama, yanakutosha?" Akasema, "Kabisa, waitu. Mungu akubariki mikono." Wakapiga makofi. Nikala, nikanywa pombe ya lubisi, nikarudi Bukoba.

Sikumwambia afungue kinywa. Mtu aliyekonda vile, hata fizi zake si zile nilizozichukua chapa, hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Mimi sikuangalia. Nilijiambia nimefuata njia ndefu, hatua zote na zaidi, na njia ndefu haikosei. Nilipokuwa nikimkuta hana meno kinywani aliniambia ameyaweka ya Jumapili. Jumapili akaniambia ameyasahau. Mwisho akasema, "Nimeshazoea hivi, Novati, usijisumbue," nami nikawaambia watu kwamba wazee hawapendi vitu vipya. Hata wewe nilikuambia hivyo. Umekua ukiamini kwamba Bibi anafunika mdomo na khanga kwa sababu ya haya.

Mwezi uliopita tulipokwenda kwake msimu wa senene, uliona mwenyewe alivyochukua panzi zake za kukaanga akazitwanga kwenye kinu. Nikamtania, "Mama, meno yangu yako wapi?" Akacheka na khanga yake mdomoni. Wewe ulibaki kwake siku mbili, sisi tukaondoka. Tulipopita Muhutwe kwenye basi, mama yako alinigeukia. Ndipo akaniambia. Kwamba Bibi aliyavaa yale meno majuma sita. Kwamba yalimchubua fizi mpaka damu, akawa anayavua usiku, anasukutua kwa maji ya chumvi na kuyarudisha asubuhi, ili nikitokea ghafla nimkute nayo. Kwamba kidonda kilioza kidogo, akakitibu kwa majani. Na kwamba alimwapisha mama yako asiniambie, alimwambia, "Akijua ataacha kazi. Ile ya Mzee wa Nshamba ilimnyima usingizi mwaka mzima."

Mama yako amekaa na siri hiyo miaka yote. Sikumlaumu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema; lakini yeye hakuficha maradhi yake, alificha yangu.

Sasa jibu lako. Nimewatazama watu wangu wote, wa njia fupi na wa njia ndefu. Nawakuta sokoni, nawakuta misani, nawatazama midomo kuliko ninavyomsikiliza padri, Mungu anisamehe. Wa safari mbili na wa safari saba wanatafuna karibu sawasawa. Kisahani cha mtu mwenyewe na chapa ya pili vinasaidia kinywa chenye fizi zilizokwisha kabisa. Kwa kinywa cha kawaida, mzee hatambui tofauti. Wakikuagiza safari mbili, usiende na hofu kwamba unawapunja. Kuna bibi huko vijijini ambaye safari ya tatu ndiyo itakayomshinda. Lakini taya lipime mpaka lichoke kukudanganya, hata foleni ikifika barabarani. Na baada ya kuwapa meno, nenda wewe kwao. Usingoje waje. Hawatakuja, na wakija watakuambia ni mazuri.

Usimuulize mtu kama panauma mbele ya watu wake. Watoe nje wote, kwa heshima, tafuta kisingizio. Hata mkiwa wawili, usiuamini mdomo wake. Vua meno, tazama fizi. Mpe kahawa atafune ukiwa umekaa naye.

Ninachokiogopa si mikono yako. Mikono yako ni mizuri kuliko yangu, nimekutazama ukipanga meno nikaona wivu, nakuambia ukweli. Naogopa kwamba umerithi hiki kichwa changu. Siku moja utakosea, kwa haraka au kwa polepole, na utaona haya, na haya yako itajivika nguo ya uangalifu, utaipenda. Hapo hutamwona tena mtu aliyekaa kwenye kiti. Ningeweza kukufuata huko Nshamba kila juma kukuangalia, ningekufuata. Mama yako amenikataza.

Basi la kesho linapita Kamachumu, na kituo cha afya hawakutarajii mpaka Jumanne. Nakuomba ushuke. Lala kwa Bibi yako. Mwambie umekuja na vifaa vipya na unahitaji mtu wa kwanza wa kujifunzia. Kwa hilo atakubali, hajawahi kukunyima kitu. Mimi nimekwenda mara mbili tangu senene, mara ya pili nikiwa na taa na kioo mfukoni, na mara zote mbili nimekunywa chai nikarudi. Siwezi kumwambia mama yangu afungue kinywa. Nikisema neno hilo atajua kwamba najua, naye atanifariji, na sidhani kama nitastahimili kufarijiwa naye.

Chagua njia wewe. Fupi, ndefu, sitauliza. Ila kabla hujachanganya chochote, kaa naye jikoni, subiri wajukuu watoke, halafu tazama kwa taa: chini, upande wa kushoto, nyuma, ndipo mama yako alipoona damu. Kisha niandikie. Usiniandikie kwamba Bibi hajambo na anatusalimu. Hayo aliniambia mwenyewe miaka kumi na mitano. Niandikie ulichokiona, pamoja na kovu kama lipo, na urefu wake.

Baba yako,
Novati